Mkasi Mbali na Kadi: Kwa Makarani na Wabashiri Wapya wa Safari Rally

Wiki moja kabla ya Safari nilipita kwa kijana tuliyemkabidhi kadi za ubashiri, zile kadi za posta ambazo wanachama wa shindano letu huandika nyuma yake madereva watakaoshika nafasi za juu, na muhuri wa posta ukawa shahidi wa siku waliyozituma. Nikamkuta mezani, kadi zimepangwa mafungu mafungu kwa majimbo, kibano pembeni, na mkasi mkononi. Alikuwa ameshaanza kukata kona ya kadi moja iliyotoka Lodwar. "Muhuri huu haupatikani, mzee," akaniambia kwa furaha kabisa, "nauhifadhi kabla haujapotea." Nilimnyang'anya mkasi hata kabla ya salamu. Baadaye nilimwomba radhi, tukanywa chai, nikamwahidi kwamba nitayaandika haya yote asije akadhani nimemwonea. Basi nayaandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mlioingia msimu huu mkitokea kwenye albamu za stempu bila kuijua rally, au mkitokea kwenye rally bila kujua kibano kinashikwa vipi.

1. Tarehe yetu ni ya muhuri wa posta. Kadi iliyogongwa Jumatano ni halali hata ikitufikia baada ya wiki mbili, na iliyogongwa Ijumaa, magari yakiwa tayari porini, ni ya kutunza tu. Kubashiri kwa simu kila mtu anaweza; muhuri ndio unaolifanya shindano hili kuwa letu. Kwa hiyo msitumbukize kadi kwenye sanduku la barabarani mkaondoka. Ingieni ndani, ombeni kwa adabu mgongewe kwa mkono, na msitoke kaunta kabla hamjaona siku na mwezi vinasomeka. Mwaka mmoja nilihudumiwa na mama aliyenielewa mara moja. Aliilainisha pedi ya wino kwa kidole, akagonga mara mbili kwenye kipande cha gazeti, akautazama muhuri kwa jicho moja, ndipo akagonga kwenye kadi na kuipuliza. Kisha akaigeuza, akasoma ubashiri wangu na kutikisa kichwa. "Ungeandika Toyota zote," akasema. Ulikuwa mwaka 2022, na Toyota walichukua nafasi zote nne za juu. Sikumsikiliza.

2. Kadi isikatwe, isilowekwe, isibanduliwe kitu mpaka matokeo yatangazwe na pingamizi zimalizike. Hapa nivumilieni, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Ilikuwa 2021. Safari ilikuwa inarudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002. 2020 ilipangwa ikafutwa kwa ajili ya korona. Tulikuwa tumezoea kubashiri rally za Ulaya kwa kadi kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Mwaka ule zilikuja thelathini na moja, na karani wa kadi nilikuwa mimi.

Moja ilitoka kwa mzee wa Kitale, mwanachama wetu wa siku nyingi kuliko wote, ambaye mpaka leo anaandika kwa kalamu ya wino wa chupa. Stempu ilikuwa ya kawaida. Muhuri sasa! Duara kamili, mweusi, jina la posta ndogo ambayo sikuwa nayo, umekaa nusu kwenye stempu na nusu kwenye kadi bila herufi hata moja kupotea. Wakati ule nilikuwa nakusanya mihuri ya posta ndogo za Trans Nzoia, na pengo la posta ile lilikuwa limenikera kwa miaka. Kila nilipozipanga kadi, ile ilirudi juu ya fungu. Sijui ilikuwaje, nadhani mikono yangu ndiyo iliyoirudisha.

Jumamosi usiku, kati ya madereva, Neuville alikuwa anaongoza kwa karibu dakika nzima. Katsuta wa pili, Ogier wa tatu. Mzee alikuwa ameandika Ogier, Katsuta, Tänak. Nikaisoma, nikaona kadi imekufa. Hilo ndilo neno lililonijia moyoni, imekufa, na kadi iliyokufa haimdai mtu kitu. Nikachukua mkasi, nikakata kona pana ya vidole vitatu ili muhuri ubaki na nafasi ya kupumua. Ile kadi ilikuwa nene, haingelala vizuri kwenye albamu, kwa hiyo nikakiweka kipande kwenye bakuli la maji vuguvugu, uso juu, ili tabaka la nyuma liachane nikichune. Nikaenda kulala nimeridhika.

Sasa chukueni kadi yoyote iliyo karibu nanyi muigeuze. Kona ya juu kulia upande wa mbele, palipo na stempu, ndiyo kona ya juu kushoto upande wa nyuma. Ni pale pale mtu anapoanza kuandika. Ni pale mzee alipoandika "1. Ogier".

Jumapili asubuhi, Loldia, hatua ya kwanza ya siku, shokapu ya nyuma ya Neuville ikavunjika, akatoka mashindanoni. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga na kikombe mkononi. Nilikwenda kwenye lile bakuli nikitembea polepole, kama mtu anayejua atakachokuta. Maji yalikuwa yamegeuka samawati. Tabaka la nyuma lilikuwa limekuwa uji mweupe chini ya bakuli. Kipande chenyewe kilikuwa kinaelea, na muhuri wake haukuwa na doa: jina, siku, mwezi, mwaka. Mchana ule Ogier akashinda, Katsuta akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya rally ya dunia, Tänak akawa wa tatu. Mtu mmoja tu kati ya thelathini na moja alikuwa amewapata wote watatu kwa mpangilio, na kadi yake ilikuwa mezani kwangu ikisema "2. Katsuta, 3. Tänak", na juu ya hapo shimo la mraba.

Jioni niliwaambia wote. Niliapa kwamba nililisoma lile jina kwa macho yangu. Waliniamini, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu kuniamini hakukusaidia kitu. Sheria inasema kadi, nzima, yenye muhuri wake. Tukianza kukubali kumbukumbu ya karani, mwaka unaofuata kila karani atakuwa na kumbukumbu. Zawadi ikaenda kwa dada mmoja aliyewapata wawili, ambaye alitaka kumwachia mzee. Mzee akakataa. Nilipompigia simu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheria tuliitunga pamoja, mwanangu." Akanyamaza. Akaniuliza kama muhuri umetoka vizuri. Nikamwambia umetoka vizuri. Nilishindwa kusema lingine.

Mwaka uliofuata ilikuja bahasha kutoka Kitale. Ndani mlikuwa na kadi yake ya ubashiri, nzima, na pamoja nayo kadi ya pili, tupu, yenye muhuri wa posta ile ile, umegongwa katikati kabisa ambapo hapana maandishi upande wowote. Kwa penseli ameandika: "Hii ni yako. Ile nyingine ni ya shindano." Nimeiweka kwenye ukurasa wa Trans Nzoia. Kile kipande nilichokikata sijakibandika popote.

Kwa hiyo, makarani: piga picha pande zote mbili siku kadi inapofika, itie kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC, funga kabati. Na mkiona muhuri mnaoutamani, mwombeni mwenyewe. Watu wa stempu hawanyimani muhuri.

3. Msiandike dereva mwenye kasi. Andikeni dereva atakayefika. Kila mwaka napokea kadi ambazo unaona wazi mwandishi ametazama rally ya Finland, ile ya kasi. Safari ina tabia yake tangu ilipoanza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 waliondoka themanini na wanne wakafika saba. 1968 waliondoka tisini na watatu, wakafika saba tena. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 kuukuu, na sote tunajua kulikuwa na magari mapya zaidi yake. Siku hizi njia ni fupi na magari yanatengenezwa kila jioni Naivasha, lakini mawe ya hatua ya Sleeping Warrior na lile vumbi laini la hatua ya Kedong bado yanachagua. Kumbukeni pia kwamba tangu 2024 Safari imetoka Juni ikaenda Machi, mvua za masika zinapobisha hodi, kwa hiyo hesabu za vumbi za miaka mitatu ya kwanza zisomeni kwa uangalifu. Na mwaka huo huo wa 2024 ndipo Jumapili ilipoanza kuwa na pointi zake peke yake: aliyeachwa nyuma Jumamosi ana sababu ya kuitunza gari na kushambulia siku ya mwisho. Kwenye swali la Power Stage, ile hatua ya mwisho yenye pointi za ziada, mfikirieni huyo.

4. Swali la tofauti ya muda kati ya wa kwanza na wa pili lijibuni, jamani. Wapya wanaliacha wazi wakidhani ni bahati nasibu. Mwaka 2021 ilikuwa sekunde 21.8, 2023 sekunde 6.7, na 2024 ikapita dakika moja na nusu. Ndiyo, imetawanyika. Lakini aliyeandika kitu anaweza kukaribia.

Sare ikitokea tunafuata mfano wa 1973. Mwaka ule Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza na adhabu sawa kabisa, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Kwetu, ambaye majibu yake yamekwenda mbali zaidi bila kosa kuanzia swali la kwanza ndiye anayechukua. Mehta baadaye alishinda minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba alibebwa.

5. Zawadi ni seti ya stempu za 1977 za miaka 25 ya Safari, isiyogongwa, gundi yake ya asili. Ilitoka kwa michoro ile ile katika Kenya, Uganda na Tanzania, kila nchi na jina lake, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mkichangia seti, tazameni jina la nchi kwenye kila stempu. Mwaka juzi tulipokea tatu za Kenya na moja ya Uganda, na aliyezileta hakuwa na habari. Na msiguse gundi kwa vidole.

Ile kadi ya Lodwar mkasi umeingia sentimita mbili tu, kona haijatoka. Nyuma namba moja bado inasomeka, jina lote. Tumeipiga picha mbele ya mashahidi wawili, kijana mwenyewe akiwa mmoja wao, na mwenye kadi amepigiwa simu akaelezwa. Itahesabiwa.