Nilimpa kaka figo, sasa nikimwonya anasema namsimanga

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Newala. Miezi 14 iliyopita nilimpa kaka yangu figo moja, tukapasuliwa siku moja Dar es Salaam. Kabla ya hapo alikaa huko miaka miwili akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliporudi nyumbani walimchinjia mbuzi. Sasa anapulizia mikorosho bila hata kitambaa puani, na dawa anaruka: leo anameza, kesho hamezi. Nikimwambia ananijibu, "Ulinipa figo, hukuninunua." Mama naye anasema niache kumsimanga mwenzangu. Mimi hakuna anayeniuliza hali. Mgongo unaniuma, nameza diklofenaki, na mume wangu anawaambia watu kwamba sitazaa tena. Nimeanza kujuta, na najichukia kwa kujuta.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila nikifika pale uliposema hakuna anayekuuliza hali, nakwama. Basi nikuulize mimi. Hujambo? Kidonda kilifunga vizuri? Usiku unalala?

Hizo diklofenaki ziache leo hii. Aliye na figo zote mbili anaonywa asizimeze ovyo, sembuse wewe uliyebaki na moja. Figo iliyobaki hutanuka ikabeba kazi ya mwenzake, na watu wengi huishi nayo salama mpaka uzee, ila inataka kutazamwa kila mwaka: presha, kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo huichuja), na protini kwenye mkojo. Kwa vipimo hivyo huna haja ya kupanda basi la Dar, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko hapo Mtwara. Huenda mgongo wako ni jembe tu. Lakini figo inaweza kuharibika bila kuuma popote, kwa hiyo tusikisie.

La kuzaa nalo ni hivi. Mfuko wako wa uzazi haukuguswa, na wanawake waliotoa figo wanazaa. Madaktari huwaambia wangoje kama mwaka mmoja baada ya upasuaji, nawe umeshauvuka. Hatari ya presha ya mimba na kifafa cha mimba huongezeka, ndiyo maana siku ya kwanza ya kliniki utamwambia mkunga kwamba una figo moja. Nenda na mumeo akayasikie kwa daktari mwenyewe. Yawezekana ana hofu, na hofu yake ameipeleka barazani badala ya kuileta kwako.

Sasa simango. Kumsimanga mtu ni kumhesabia wema uliomtendea mpaka ajione mdogo mbele yako. Kumwonya ni kumwonyesha shimo lilipo. Mama yako ameyachanganya mawili hayo, na hapo sikubaliani naye. Lakini nawe nijibu kwa ukweli: unapoanza kumsemesha, neno la kwanza ni lipi? Kama ni "figo yangu", hasikii tena linalofuata. Figo ile sasa ni yake, mwanangu. Hata ikija kufa, wewe hutakuwa umeibiwa. Kinachokupa haki ya kusema ni kwamba wewe ni dada yake, na haki hiyo ulikuwa nayo kabla hamjapanda kitanda cha upasuaji.

Yeye naye ana mzigo. Nimekaa na watu waliopewa figo na ndugu zao, na nimewasikia wakisema kwamba deni lile halina namna ya kulipwa. Pengine kila kidonge kinamkumbusha. Tena dawa zenyewe zina adha: mikono hutetemeka, uso hujaa, na wengine hupata kisukari. Kuna na la pesa. Msimu huu wa kupulizia nyumba nyingi za huko zinamalizia akiba kwa vibarua na mafuta ya mashine, na mnada wa korosho mpaka Oktoba. Je, dawa anazo na hamezi, au zimemwishia na anaona haya kusema? Hilo hukuliandika, nami nahisi hamjamuuliza.

Ajue hili, na aambiwe bila kutishwa. Mwili wake unaiona figo ile ni ngeni, japo mmetoka tumbo moja. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wa kufanana, na ndiyo maana mwili haukukataa. Nyinyi si mapacha. Dawa zinawalaza askari wa mwili, na akiruka wanaamka. Wanaweza kuishambulia figo huku yeye analima na kucheka, kreatinini inapanda na hajui. Dozi za asubuhi na jioni zishike saa walizomwandikia, na asichanganye na mitishamba wala balungi, maana vinaweza kuvuruga nguvu ya dawa. Askari wakiwa wamelala, maradhi mengine nayo hupata mlango, kwa hiyo kuhusu vumbi la salfa, hiyo dawa anayopulizia mikorosho, awaulize wa kliniki kabla hajarudi shambani. Mashine ishikwe na kibarua.

Nani amwambie? Si wewe, kwa sasa. Kwenu Umakondeni mambo ya tumbo moja yana mwenyewe, naye ni mjomba. Mwendee, mweleze yote, hata la kujuta. Amwite kaka, nawe ukae hapo, neno figo lisitoke kinywani mwako. Ukipewa nafasi uliza hivi: "Kaka, dawa zimebaki za siku ngapi?" Halafu nyamaza umsikilize. Zikiwa zimeisha, hicho kikao kigeuke cha kuchanga pesa, na kaka apelekwe kliniki upesi akapimwe. Asijiongezee dozi mwenyewe kufidia alizoruka kabla hawajamwelekeza.

Na kujuta kwako sikuoni kama roho mbaya. Umechoka, unaumwa, na aliyechinjiwa mbuzi ni mmoja tu. Mwambie mama yako maneno hayo hayo, mkiwa wawili jikoni.

Vipimo nenda wiki hii. Kisha niandikie majibu, yako kwanza, ya kaka baadaye.