Kwa makatekista wapya wa Bagamoyo, kabla ya Mkesha wa Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi iliyopita nilikaa benchi la nyuma, mmoja wenu akifundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, nitajuaje kwamba haya ni kweli?" Akajibiwa, "Mama, imani haiulizwi." Wiki moja kabla, mwenzake aliulizwa swali hilohilo, akamwaga mistari kumi na miwili kwa pumzi moja kama yuko kwenye mhadhara. Aliyeuliza akafunga daftari. Wanangu, nawapenda na mnajitolea sana, lakini makosa hayo niliyafanya mimi kabla yenu na sitaki myarithi.

1. Anzeni na Mungu, mwende kwa Kristo, ndipo mfike kwa Kanisa. Asiyeamini kwamba Mungu yupo hana haja na hoja zenu juu ya Papa. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha mwaka 1870 kwamba akili ya mwanadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe vyake. Kwa hiyo anayemwambia mkatekumeni "usiulize" anakwenda kinyume na Kanisa analolitetea. Na hapa kwetu, anayetoka kwa ndugu zetu Waislamu anamjua Mungu mmoja tangu utotoni. Msimrudishe darasa la kwanza.

2. Kaeni sana kwenye Ufufuko. Paulo mwenyewe anasema kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona kwa pamoja, na kwamba wengi wao bado wako hai. Aliandika miaka kama 25 baada ya tukio. Mvua za El Nino za 1997 zina miaka mingi kuliko hiyo, lakini jaribu kusimama pale soko la samaki useme mwaka ule kulikuwa na ukame, uone kama utafika adhuhuri hujakanushwa. Tena Injili zote nne zinasema wanawake ndio waliotangulia kukuta kaburi wazi, katika zama ambazo neno la mwanamke halikupewa uzito mbele ya wazee. Mtunga hadithi angetafuta mashahidi wengine.

3. Msimsemee Mungu uongo. Hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwaka wa tatu katika utume huu. Hoja niliyoipenda kuliko zote ilikuwa utakatifu wa Kanisa, na hoja yenyewe ni halali: Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 156, inataja kuenea na utakatifu wa Kanisa miongoni mwa alama za kwamba ufunuo ni wa kusadikika. Basi nikawapeleka wakatekumeni misheni, tukapita chini ya ile miembe, tukasimama kwenye makaburi ya wamisionari. Nikawaeleza kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hii mwaka 1868 wakiwa na Padre Antoine Horner, wakawakomboa watumwa kwa fedha, wakawajengea kijiji cha uhuru, na wengi wao wakafa vijana kwa homa. Yote ni kweli. Kisha nikaongeza la kwangu, kwamba waliokombolewa waliishi pale kwa furaha tupu na hakuna hata mmoja aliyetaka kuondoka.

Mzee mmoja, mvuvi, aliyebakiza miezi miwili abatizwe, akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yake mama yangu alikombolewa hapa. Mama alilelewa naye. Alisimulia kengele ya alfajiri, kazi za shamba la misheni, na mume aliyechaguliwa. Wenzake wengine walitoroka. Yeye alibaki, akasali mpaka kufa kwake."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Nami, mbele ya watu ishirini, nikamjibu, "Hayo ni maneno ya wasiolipenda Kanisa."

Akashusha macho. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Mkesha wa Pasaka tukabatiza wenzake bila yeye.

Ndipo nikaanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla sijafungua mdomo. Wanahistoria wameandika yaleyale aliyoyasema mzee: ratiba kali, kazi za mashambani, ndoa za kupangiwa, watu waliotoroka. Nilikuwa nimemwita mwongo mtu mkweli, tena kwa jina la ukweli. Na kilichonikosesha usingizi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika hoja bora. Bibi yule aliwaona wamisionari kwa karibu, udhaifu wao na wema wao. Njia ya kutoroka aliijua. Akabaki na Kristo. Ushahidi mzito namna ile niliukanyaga ili hadithi yangu isichafuke.

Nilimfuata ufukweni jioni moja, akitengeneza nyavu. Nikamwomba radhi. Akaendelea kufunga mafundo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bibi hakuwa na chuki, mwalimu." Nikamwambia sasa najua. Akanisogezea ndoo nikalie.

4. Ndugu anayesema tufuate "Biblia peke yake" muulizeni kwa upole ni nani aliyetambua vitabu vyake. Mtafika kwenye mikutano ya maaskofu wa Afrika Kaskazini iliyoorodhesha vitabu hivyo, Hippo mwaka 393 na Karthago 397. Msomeni askofu Inyasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili, anavyoiita Ekaristi mwili wa Kristo, na Yustino mfiadini, kama mwaka 155, anavyosimulia Misa. Mtaitambua.

5. "Sijui, nitamuuliza paroko" ni jibu. Liandike swali, urudi nalo.

6. Waombeeni kwa majina. Kuamini ni neema, na sababu zote nilizotaja haziwezi kukaa mahali pa neema.

Yule mzee alirudi baada ya miaka miwili, akabatizwa. Tangu hapo kila Kwaresima yeye ndiye anayewasimulia wakatekumeni habari za bibi yake, palepale makaburini. Jumamosi hii ni saa tatu asubuhi. Njoni wote, mkae mbele, na msimkatize.