Tochi Yako ya Kuchomelea Mbele ya Mchunguzi wa Hataza: Mambo ya Kuandaa Mapema

Mchunguzi wa hataza (patent, yaani haki ya kulinda uvumbuzi) hatawasha tochi yako. Hatashika mpini wake, hatasikia ilivyo nyepesi, wala hataona mshono mzuri uliotoka nayo. Kinachofika mezani kwake ni karatasi: maelezo, madai (sentensi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe), michoro na muhtasari. Fundi anayelijua hilo mapema hujiandaa tofauti kabisa na yule anayedhani kifaa chake kitajitetea chenyewe.

Nawasaidia mafundi na wahandisi vijana hapa Dar es Salaam kuandaa maombi ya hataza. Wengi wananijia kutoka Gerezani, Keko, Tabata na karakana za Vingunguti. Vifaa vya kuchomelea navipenda kuliko vingine, kwa sababu mtu anayeshika tochi kutwa nzima anazijua shida zake kuliko aliyeichora ofisini. Inaniuma kuona ujuzi huo ukipotea kwenye maombi. Fundi ameumiza kichwa miaka na miaka, halafu kwenye karatasi anaandika kwamba tochi yake ni "imara, ya kisasa na rahisi kutumia". Maneno hayo hayamsaidii kitu mbele ya mchunguzi.

Nieleze tochi moja, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Ni tochi ya mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya huku gesi ikiukinga mshono. Anayeitumia mashine hiyo anaijua kero ya spata, yale matone ya chuma yanayoruka kutoka kwenye mshono na kuganda ndani ya nozeli, kati ya ukuta wake na tipu inayopitisha waya. Zikijaa, gesi ya kukinga mshono inakosa njia, hewa inaingia, mshono unatoka na vitundu. Kwa hiyo kila baada ya muda fundi anasimama, anachukua bisbisi au ncha ya koleo, anakwangua. Akiwa juu ya kenchi ya paa, mkono mmoja umeshika bomba, kukwangua huko ni hatari.

Fundi huyu alitengeneza nozeli inayorudi nyuma. Unaizungusha robo mzunguko, unaivuta kuelekea mpini. Kwenye kisambaza gesi amefunga pete yenye meno mafupi. Nozeli inaporudi, meno yanakwangua ukuta wake wa ndani na kuzisukuma spata zitoke mdomoni. Hufungui kitu, huhitaji bisbisi.

Nilipokaa naye karakanani nilimwomba kwanza aifungue yote, kisha nikawa naelekeza kidole. Hapa kwa nini umeweka brasi, usiweke chuma?

"Chuma kinaikwaruza nozeli, kaka. Ikishakwaruzika, spata zinang'ang'ania zaidi."

Na haya meno, mbona yamekaa hivi?

Akaigeuza pete kwenye mwanga. Kila jino lilikuwa katikati ya matundu mawili ya gesi. Hakuna hata moja lililosimama mbele ya tundu. Akanieleza kwamba pete ya mwanzo meno yake yalikaa popote. Ilikwangua vizuri sana, lakini mshono uliharibika, kwa sababu meno yaliivuruga gesi. Kwake yeye lilikuwa jambo dogo la karakanani, alishalitatua, hakuona haja ya kulitaja. Nililiandika kwenye maelezo aya nzima, pamoja na mchoro wa pete ikionekana kwa mbele, na sababu yake: jino likiwa mbele ya tundu kunatokea nini, likiwa katikati kunatokea nini.

Maombi yalipofika hatua ya uchunguzi, ripoti ilitaja hati mbili za zamani. Ya kwanza ilionyesha tochi yenye nozeli inayoteleza kurudi nyuma. Ya pili ilionyesha kisu cha mviringo cha kusafishia nozeli kwenye mitambo ya roboti, ambako tochi inapelekwa kwenye kituo cha usafi na kisu kinaingia kupitia mdomo wake.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze mchunguzi anavyofikiri. Anauliza maswali mawili, moja baada ya jingine. Swali la kwanza ni la upya: je, kuna hati moja, peke yake, yenye kila kiungo kilichotajwa kwenye dai? Ikikosa hata kiungo kimoja, umepita hapo. Swali la pili ndilo gumu, la hatua ya uvumbuzi: je, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hii, akiwa na hati hizi mkononi, angefika kwenye kifaa chako bila kuumiza kichwa? Hapa anaruhusiwa kuunganisha hati. Nozeli inayoteleza kutoka kule, meno ya kukwangua kutoka huku. Hilo ni swali la haki, na usilichukue kama tusi. Kuna la tatu pia, kama kifaa kinaweza kutengenezwa na kutumika viwandani, lakini kwa tochi ya kuchomelea hilo halisumbui.

Jibu letu lilitoka kwenye ile aya ya pete. Kisu cha roboti kinaingia wakati tochi imesimama, hakikai kwenye njia ya gesi. Anayetaka kuyahamishia meno ndani ya tochi anakutana na tatizo ambalo hati zote mbili hazilijui: ameweka kizuizi mahali gesi inapopita. Mtu wa kawaida wa fani angeona hivyo na kuacha. Fundi wetu alilitatua kwa kuyapanga meno katikati ya matundu, na ufumbuzi huo haupo kwenye hati ya kwanza wala ya pili. Tukalipunguza dai la kwanza liseme hivyo waziwazi, na likakubaliwa.

Kama aya ile isingekuwemo tangu siku ya kuwasilisha, tusingeruhusiwa kuiongeza. Sheria za hataza karibu kila mahali zinakataza kuingiza jambo jipya kwenye maombi baada ya tarehe ya kuwasilishwa. Unaweza kupunguza, kufafanua, kusahihisha. Kuongeza kiungo ambacho hakikuwepo, hapana. Kwa hiyo kila jibu utakalompa mchunguzi huko mbele lazima liwe limeshalala ndani ya karatasi ulizowasilisha. Ndiyo sababu nasisitiza sana ile kazi ya karakanani, ya kuuliza kila sehemu kwa nini iko ilivyo, na majaribio gani yalishindwa kabla yake. Majaribio yaliyoshindwa ni mali. Yanaonyesha kwamba ufumbuzi haukuwa wazi kwa kila mtu. Yaandike, na kama umepima kitu, andika kipimo na namna ulivyopima.

Kuhusu madai yenyewe: hayo ndiyo bikoni za kiwanja chako, na kilicho nje yake ni cha wote hata kama umekieleza vizuri kwenye kurasa nyingine. Dai la kwanza liwe pana kadiri ukweli unavyoruhusu. Yanayofuata yaingie ndani hatua kwa hatua: pete yenye meno, kisha meno yaliyo katikati ya matundu, kisha meno ya brasi. Brasi usiiweke kwenye dai la kwanza, maana mshindani atatumia metali nyingine laini na atakuwa amekukwepa kihalali. Wakati huohuo usidai "tochi yoyote inayojisafisha". Dai kama hilo litaangushwa na hati ya kwanza itakayopatikana. Mimi nachagua dai jembamba linalosimama kuliko pana linaloanguka, na nimewahi kubishana na waombaji kwa ajili hiyo bila kujutia.

Kabla ya yote hayo, tafuta. Kutafuta ni bure siku hizi: Patentscope ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali za ubunifu, Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, Google Patents. Usitegemee maneno peke yake, kwa sababu kila mwandishi anakiita kifaa anavyotaka. Tumia namba za mfumo wa kimataifa wa uainishaji. Mambo ya kuchomelea yako chini ya B23K: B23K 9 ni kwa arki ya umeme, B23K 5 kwa miali ya gesi, B23K 7 kwa kukata kwa gesi. Kama kazi yako ni kichomeo cha gesi chenyewe, chungulia na F23D 14. Anza na michoro. Fundi mzuri anaipitia michoro mingi kwa haraka na anajua papo hapo ipi inamhusu, hata kama maandishi yake ni ya Kijapani.

Na ndiyo, hati ya Kijapani inahesabika. Nasikia mara nyingi, "Lakini hapa Tanzania hakuna mwenye nayo." Upya unapimwa kwa kilichochapishwa popote duniani. Upande wa pili wa jambo hilo una faida ambayo mafundi wetu wachache wanaitumia: hataza inafanya kazi mahali ilipotolewa tu, na kwa muda wake tu. Hati ya tochi ambayo haikuwahi kuombewa ulinzi nchini, au muda wake umekwisha, ni maarifa unayoruhusiwa kuyatengenezea kitu hapa bila kumlipa mtu, ukishahakikisha hali yake.

Kukuta wazo la zamani lisikuvunje moyo. Kukinga arki kwa gesi ajizi, yaani isiyoungana na metali, kulishapata hataza Marekani mwaka 1930, mikononi mwa H. M. Hobart na P. K. Devers wa General Electric. Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, aliyekuwa akihangaika kuunganisha magnesi, alipewa hataza mwaka 1942 kwa tochi: elektrodi ya tungsten, na gesi ya heli ikitoka kuizunguka. Msingi ulikuwa umeshajulikana miaka kumi na zaidi, na bado kulikuwa na nafasi kwa aliyelitatua tatizo la kifaa.

Sasa la ukimya, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiipeleke tochi Sabasaba kabla ya kuwasilisha maombi. Usiiweke status ya WhatsApp. Usirushe video TikTok ukionyesha nozeli inavyorudi, hata kama sura yako haionekani. Kuuza moja kwa jirani pia ni kuitoa hadharani. Ukishaitoa, uliyoyaonyesha yanaweza kutumika dhidi yako mwenyewe. Najua ni vigumu. Fundi anaishi kwa wateja, na wateja wanakuja kwa kuona. Lakini karatasi zikishapokelewa na ukapewa tarehe, onyesha unavyotaka. Kama lazima umwonyeshe mtu kabla, mfano mchongaji wa kukutengenezea pete, msaini makubaliano ya siri ya maandishi. Ukurasa mmoja unatosha.

Kwa Tanzania Bara, sheria ni ya mwaka 1987, Sura ya 217, na ofisi ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, BPRA. Ukitaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika kwa maombi mamoja, kuna ARIPO, shirika la kikanda la mali za ubunifu, lenye makao Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982. Tanzania imo, na maombi hayo unaweza kuyapitisha BRELA. Ukishawasilisha mara ya kwanza, una miezi 12 ya kuomba kwenye nchi nyingine wanachama wa Mkataba wa Paris wa mali za viwandani ukiwa bado unahesabiwa tarehe yako ya mwanzo. Wenye ndoto ya kuuza Kenya au Zambia waihesabu miezi hiyo tangu siku ya kwanza.

Si kila tochi inahitaji hataza. Kama ulichobadilisha ni umbo la mpini lipendeze machoni, huo ni ubunifu wa umbo la bidhaa na una ulinzi wake tofauti. Kama ni boresho dogo, jipya, lenye manufaa lakini unahisi swali la hatua ya uvumbuzi litakushinda, Sura ya 217 ina cheti cha aina nyingine, chini ya hataza, ambacho hakikuulizi swali hilo. Uliza kuhusu cheti hicho kabla hujalipia chochote. Mafundi wengi wangefaa kuanzia hapo.

Ripoti ya uchunguzi itakapokuja, usijibu kwa hasira na usijibu kwa kusifia tochi. Zipakue hati zilizotajwa uzisome mwenyewe, maana mara nyingine mchunguzi amezisoma kwa upana kuliko zinavyosema. Chora jedwali. Upande wa kushoto andika kila kiungo cha dai lako kwenye mstari wake. Kwa kila hati weka safu, ujaze ukurasa na namba ya sehemu ambapo kiungo hicho kinaonekana. Kisanduku kitakachobaki kitupu kwenye hati zote ndicho cha kukitafuta ndani ya maelezo yako: ulisema nini juu yake, na ulisema kinaleta faida gani? Kaa na fundi mkiwa na tochi iliyofunguliwa mezani wakati wa kazi hiyo, kwa kuwa yeye ataona tofauti ambayo macho ya karatasi hayaioni. Tarehe ya mwisho ya kujibu imo kwenye barua iliyokuja na ripoti. Iandike ukutani karakanani, na jedwali lianze kuchorwa wiki ileile.