Umaarufu wa singeli na kiti cha udiwani

Mdogo wangu, unauliza kama jina lako kwenye muziki wa singeli linatosha kukupa udiwani. Peke yake, hapana. Rapa Sugu alichukua ubunge wa Mbeya Mjini 2010, rapa mwenzake Profesa Jay akaupata wa Mikumi 2015, lakini wote wawili walikuwa wameimba shida za wananchi miaka mingi kabla ya kuomba kura. Wewe, uniwie radhi, nyimbo zako ni za vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha (nami nazicheza). Halafu Tanzania hatuna mgombea binafsi: lazima upitishwe na chama, na wajumbe wake wanaopiga kura za maoni hawahesabu wafuasi wako wa Instagram. Anza kuhudhuria vikao vya tawi. Wakijadili mitaro na ushuru wa soko ukasinzia, rudi zako studio.