Babu alienda Burma hakurudi? Anza na rekodi za makaburi

Kwetu Songea koo nyingi zina mzee aliyechukuliwa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita ya pili ya dunia, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo), hakurudi, na ukiuliza unaambiwa tu "alifia huko" basi yameisha. Mimi wa kwetu, kaka yake babu, nimempata kwenye database ya CWGC, ile tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola. Ni bure, bando lako tu.

Ila usikimbilie kuandika jina unalolijua wewe, hapo ndo wengi wanakwama. Karani aliandika alivyosikia, Selemani anaweza kuwa Sulimani au Seliman, na wengi wana jina moja tu ambalo limewekwa sehemu ya jina la ukoo, kwahiyo ile nafasi ya jina la kwanza iache wazi. Kabla ya hapo kaa na bibi au shangazi umuulize jina la baba yake mzee, la kijijini siyo la ubatizo, maana vita ya pili rekodi nyingi zina kamstari kanasema mtoto wa fulani, wa Songea, Tanganyika, na hako ndo kanakuonyesha huyu ni wenu au ni Selemani wa watu wengine. Chuja kwa King's African Rifles na mwaka, waliokufa bonde la Kabaw huko Burma wengi ni 1944.

Ukimpata usiishie kwenye jina, shuka chini kuna karatasi zilizoskaniwa, zile za zamani za taipu zenye masahihisho ya peni, wakati mwingine herufi za jina humo ni tofauti na za juu. Halafu soma vizuri alipo. Akiwa na ploti, mstari na namba, ana kaburi. Ukiona neno Memorial mara nyingi maana yake kaburi lake halijulikani, limeandikwa jina tu kwenye mnara wa kumbukumbu, kama pale Taukkyan karibu na Yangon, huko Burma, ambapo mnara mmoja una majina kama 27,000, au ule wa Nairobi War Cemetery, Ngong Road. Sasa usije ukamkatia mjomba tiketi mkatafute jiwe ambalo halipo.

Wapagazi wa vita ya kwanza, 1914 hadi 1918, hao ni kazi nyingine kabisa. Usipomkuta usiseme bibi alitunga, tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nakasirika kila nikiisoma hiyo namba. Kwa hao jaribu vitabu vya parokia kama familia ilibatizwa, muone katibu wa parokia asubuhi siku ya kazi, siyo Jumapili baada ya misa, na umpe mwaka wa kukisia la sivyo atakuzungusha.