Kabla hujachomekea kwenye foleni ya Kange

Kidole changu cha mguu kilivunjika kwa kupita kushoto. Foleni ya Kange, hapa Tanga, ilikuwa imesimama, mbele yangu haisi, kichwani hesabu ya siku ya tajiri mwenye pikipiki. Nikachomekea kati ya haisi na ukingo wa barabara. Mara mlango ukafunguka, mama akashuka na trei mbili za mayai. Yeye nilimkwepa, mayai sikuyakwepa, na pikipiki ikanilalia mguu. (Nilikuwa nimevaa kandambili. Usiniulize.)

Kwa hiyo wewe unayeanza boda, kushoto usipite. Milango ya daladala iko huko, na konda akifungua hatazami nyuma. Jimbo la New South Wales kule Australia, ambako nako wanaendesha kushoto kama sisi, liliruhusu pikipiki kupenya foleni mwaka 2014, lakini likakataza kupita kati ya magari na ukingo wa barabara. Huko mwendo haupaswi kuzidi kilomita 30 kwa saa, na mwenye leseni ya kujifunzia haruhusiwi kabisa.

Kwangu hata hizo 30 ni nyingi. Mimi napenya magari yakiwa yamesimama tu, gia ya kwanza, vidole juu ya breki. Macho yawe kwenye tairi za mbele za gari. Madereva wengi hukata kona kwanza, indiketa baadaye. Foleni ikianza kusogea, rudi kwenye mstari. Ukibeba abiria, kumbuka magoti yake yamejitanua huko nyuma wala huyaoni. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ndiyo usijaribu kabisa.

Malori ya saruji kutoka Pongwe yana habari yake. Dereva amekaa juu, upande wa kulia. Ukijibana kushoto karibu na tairi la mbele, kwake haupo. Subiri nyuma, mahali unapokiona kioo chake.

Wapo wanaotaka tukatazwe kabisa kupenya. Sikubaliani nao, maana pikipiki iliyosimama mkiani mwa foleni nayo inaweza kubanwa kati ya bampa mbili. Tupewe kanuni inayotaja upande gani, mwendo gani na wakati gani, ifundishwe hadi vijiweni. Na wenye haisi wabanwe vilevile, wasishushe abiria katikati ya foleni. Siku ile kituo kilikuwa bado mbali, haisi ikaondoka zake, na mayai 60 nikayalipa mimi.