Kwa Unayeanza Kuuza Kwenye Duka Dogo la Vileo

Duka dogo la mtaani haliwezi kushindana kwa wingi wa aina. Rafu ni chache, stoo ni finyu. Mteja anarudi kwa sababu alichokitaka kilikuwepo, kilikuwa cha baridi, na aliyemuuzia hakumchosha wala kumwaibisha. Mambo hayo yako mikononi mwako wewe unayesimama kaunta kuliko yalivyo mikononi mwa mwenye duka.

Anza na friji. Swali utakaloulizwa kuliko mengine yote ni "Ipo ya baridi?", na bia iliyoingizwa ikiwa ya moto huchukua saa kadhaa kupoa hadi katikati. Kwa hiyo friji hujazwa usiku kabla ya kufunga, si jioni wateja wanapoanza kumiminika. Chupa mpya zipite nyuma, zilizokwisha kupoa zivutwe mbele, na zenye tarehe ya karibu kuisha ziwe mbele kabisa. Usishindilie. Ubaridi husambazwa na hewa inayozunguka, hivyo acha upana wa vidole viwili kati ya chupa na ukuta wa nyuma, na usizibe matundu ya feni. Friji iliyobanana hugandisha chupa zilizo karibu na feni na kuziacha za mlangoni zikiwa vuguvugu, kisha wateja wawili wanaonunua bia ileile wanaondoka na hadithi mbili tofauti kuhusu duka lako.

Akija mwenye haraka na mvinyo mweupe haujapoa, mwambie njia hii: ndoo, barafu, maji ya kufunika chupa hadi shingoni, na konzi ya chumvi. Dakika 20 hivi zinatosha. Maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa, kwa sababu barafu tupu huigusa chupa sehemu chache tu, na chumvi huyafanya maji hayo yapoe chini ya sifuri bila kuganda. Mwonye pia asiisahau chupa kwenye friza. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chupa hupasuka au kizibo kikasukumwa nje.

Adui mwingine wa bia ni mwanga. Jua, na hata taa kali za dukani, huvunjavunja kemikali zinazotokana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuiachia bia harufu inayonuka kama kicheche. Glasi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani na isiyo na rangi huzuia kidogo, na kopo huuzuia wote. Kwa hiyo chupa za kijani zisipangwe dirishani hata kama zinapendeza. Mteja akirudi akisema bia imeharibika ilhali tarehe bado, usimbishie kabla ya kunusa. Lakini ile hofu kwamba bia iliyotoka kwenye friji, ikapata moto, haifai tena kurudishwa haina msingi. Joto la muda mrefu ndilo linaloichakaza.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni mteja asiyejua anataka nini, na hapo wengi wanaoanza huharibu kwa kuongea sana. Muulize mambo mawili: ni ya kunywa leo au ya zawadi, na huyo mnywaji amezoea nini. Bei usiiulize kwa sauti mbele ya foleni. Shika chupa mbili za bei tofauti, zitaje zote mbili kwa heshima ileile, uone mkono wake unaelekea wapi. Chupa tano zitamchanganya, naye ataondoka na ile aliyoizoea au ataondoka mikono mitupu.

Akisema "isiwe kali", usikimbilie rafu. Anaweza kuwa na maana ya kileo kingi, au uchachu, au ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unaokausha ulimi, na kila moja ina chupa yake. Kama ni kileo, soma lebo naye: mvinyo wa asilimia 11 na wa asilimia 14.5 ni vinywaji tofauti kabisa. Kama ni uchachu, muepushe na Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe mchachu. Kama ni ukakasi, muepushe na Cabernet Sauvignon, mwekundu wenye ukakasi mwingi, na umwoneshe Pinot Noir, mwekundu ulio laini zaidi, au mvinyo mweupe. Swali moja la "ikaushe ulimi au isikaushe?" linaokoa mauzo mengi.

Anayenunulia sherehe anahitaji hesabu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150. Chupa ya mililita 700 ya pombe kali hutoa toti 28 za mililita 25. Wageni 15 wa mvinyo wakinywa glasi 3 kila mmoja ni glasi 45, yaani chupa 9, mpe 10. Ikiwa sheria na mwenye duka wanaruhusu kurudisha zisizofunguliwa, andika hivyo kwenye risiti, na mwambie mapema kwamba chupa iliyoloweshwa kwenye barafu hadi lebo ikabanduka haitapokelewa. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa baada ya sherehe huanzia.

Anayetaka kisicho na kileo asikilizwe kwa makini zaidi. Katika nchi nyingi kinywaji huruhusiwa kuitwa hivyo kikiwa na hadi asilimia 0.5. Mjamzito, anayetumia dawa, aliyeacha pombe au anayejizuia kwa ajili ya dini aoneshwe chenye 0.0 kwenye lebo, bila kuulizwa kwa nini.

Kwa kweli faragha ni nusu ya huduma. Kumbuka mteja wa kila siku anachopenda, lakini usikitangaze. "Leo tena?" inaweza kumfanya ahamie duka lingine kwa kudumu. Usiseme mbele ya mkewe, jirani au bosi wake kwamba jana alinunua nini.

Kukataa kuuza nako kuna ufundi. Kila asubuhi andika kando ya droo ya pesa tarehe ya kuzaliwa ambayo ndiyo mwisho wa kuuziwa, kwa kufuata umri wa kisheria wa mahali ulipo, ili usipige hesabu huku foleni inakutazama. Kwenye kitambulisho angalia picha kisha uso, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha muda, na pita kidole kwenye kingo kuhisi kama kimebanduliwa. Muombe kila anayeonekana kijana, hata umjue, kwa sababu kanuni isiyochagua haimuumizi mtu. Tazama na nje pia: mtu mzima aliyepewa pesa na vijana mlangoni naye hauziwi.

Kwa aliyelewa, sema kwa sauti ya chini na maneno machache: "Siwezi kukuuzia sasa hivi, ndugu. Karibu kesho." Usitamke "umelewa", kwa kuwa hapo utakuwa umefungua mjadala. Kama pesa iko kaunta, irudishe kwanza, ndipo uondoe chupa mbele yake. Ukiondoa chupa huku pesa yake iko kwako, ataona unamdhulumu.

Kuhusu chenji: noti ya mteja ikae juu ya kaunta, isiingie kwenye droo, mpaka ahesabu chenji yake.

Malalamiko ya mvinyo huja kwa aina mbili. Harufu ya kadibodi iliyolowa inatokana na kizibo kilichochafuliwa na kemikali iitwayo TCA. Haidhuru afya, ila mvinyo haufai, mbadilishie. Chembe ndogo kama sukari chini ya mvinyo mweupe ni fuwele zinazotokana na asidi ya tartariki, ambayo ni asidi ya asili ya zabibu, hazina kosa lolote, mweleze.

Pombe kali yenye harufu au ladha ngeni ni jambo zito zaidi. Vinywaji bandia vinaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na kwa pua tu huwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida. Toa rafuni katoni nzima mara moja, siyo chupa ile tu. Linganisha kimo cha kinywaji kati ya chupa na chupa, kaza macho kwenye mhuri wa kifuniko, mpangilio wa lebo na tahajia yake. Muulize mteja nani mwingine amekunywa. Kama yupo anayeona ukungu, anayeumwa tumbo au anayehema kwa shida, aende hospitali wakati huohuo bila kusubiri kesho. Kisha hifadhi katoni pamoja na risiti ya msambazaji, na utoe taarifa kwa mamlaka.